Ahadi ya bati na mshahara wa dada: kipi kitangulie?

SWALI

Baba Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu wa Kilutheri, na nina duka la vitenge na mashuka. Mwezi wa tatu tulifanya harambee ya kupaua kanisa, nikaahidi 1,500,000. Nimeshalipa 400,000, kisha biashara ikayumba. Dada wa kazi ananidai miezi mitatu, 80,000 kila mwezi. Kuna tajiri aliyenipa mali kauli, naye ananidai 650,000. Wiki hii tumevunja kikoba, nimepata 700,000. Baba watoto anasema dada anakula na kulala kwetu, atasubiri. Jumapili mwinjilisti alitukumbusha kwamba Mungu halipwi mabaki, na kwamba Askofu akija kuweka jengo wakfu yatasomwa majina ya waliomaliza ahadi. Mimi mzee wa kanisa nikikosekana itakuwaje? Dada mwenyewe hasemi kitu, ila mama yake amepiga simu mara mbili. Nikiwalipa dada na tajiri kwanza, nitakuwa nimemwibia Mungu?

JIBU

Amina, mama. Umeuliza bila kuzunguka, nami sitazunguka. Mshahara wa dada utangulie, wote, shilingi 240,000, na umlipe leo jua halijazama. Hilo la jua sikulitunga mimi. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua apewe ujira wake kwa siku yake, jua lisichwe kabla hajalipwa, maana ni maskini na moyo wake umeutumainia ujira huo. Asije akamlilia Bwana, ikawa dhambi kwa mwajiri. Dada wako hajalia mbele yako. Mama yake amepiga simu mara mbili. Jua hilo limeshakuchwa mara nyingi tangu mwezi wa kwanza uliopita bila malipo.

Sasa tulijadili lile neno lililokutisha, kumwibia Mungu. Linatoka Malaki 3:8, na mistari miwili mbele yake ndipo ilipo ahadi ya madirisha ya mbinguni tunayoisikia kila msimu wa mavuno. Fungua Biblia yako, urudi nyuma kidogo hadi 3:5. Ni nabii huyohuyo na sura ileile. Bwana anasema atakuja kuhukumu, na anataja atakaowashuhudia: wachawi, wazinzi, waapao kwa uongo, kisha wamwoneao mwenye kuajiriwa katika mshahara wake, pamoja na mjane, yatima na mgeni. Mchawi na mwajiri asiyelipa wamekaa benchi moja. Huko mitaani kwetu mchawi hukimbiwa, na mwajiri wa namna hiyo huombwa awe mgeni rasmi wa harambee. Kwa miaka niliyohudumu nimehubiri 3:10 mara nisizoweza kuhesabu. Kuhusu 3:5 nakumbuka mahubiri mawili tu, na moja nililitoa nikiwa karibu kustaafu, wakati sikuwa tena na jengo la kumalizia. Kwa hiyo mwinjilisti wenu simlaumu sana. Wengi tulifundwa kusoma sura hiyo kuanzia katikati.

Kiini cha jambo lako ni kwamba sadaka hutoka katika kilicho chako. Katika hizo 700,000 ulizoshika, 240,000 si zako. Zilikuwa za dada tangu siku mwezi ulipoisha naye akiwa ameshafua, ameshapika na kuwapeleka watoto shule. Ukizitia kwenye bahasha utakuwa umetoa fedha ya mtu mwingine kwa jina lako, tena yeye hajui kama amechangia bati. Torati inalipanga jambo hili vizuri katika Mambo ya Walawi sura ya 6. Mtu aliyemdhulumu jirani yake anaagizwa arudishe alichokichukua kamili, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Mwenye mali anapewa chake, na kondoo anakwenda kwa kuhani. Hakuna nafasi ya kumpelekea kuhani kondoo mnono ili jirani asahauliwe.

Bwana Yesu alikutana na ujanja huo katika Marko 7. Palikuwa na desturi ya mtu kutamka kwamba mali yake ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa tamko hilo wazazi wake wazee wasipate msaada uliowapasa. Machoni pa watu huyo alikuwa mcha Mungu mno. Yesu aliwaambia kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Sisemi wewe umefanya hivyo kwa hila. Barua yako inaonyesha dhamiri inayokusumbua, na hilo ni jema. Lakini sentensi kama “siwezi kumlipa dada, hela ni ya ahadi ya kanisa” ni Korbani iliyovaa kitenge.

Sitaki uondoke hapa ukidhani ahadi yako ni maneno ya upepo. Mhubiri 5:4 na 5:5 ni kali: ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa, na heri usiweke kuliko kuweka usiondoe. Ulisimama mbele ya watu, ukataja kiasi, fundi na kamati wakapiga hesabu ya mbao na bati wakikutegemea. Deni lipo. Ila ni deni la aina gani, na Mungu humfanyaje mtu aliyeahidi kupita uwezo wake?

Wengi wanadhani Agano la Kale halina huruma katika hili. Soma Walawi 27:8. Sura hiyo inaanza kwa kuweka viwango vya nadhiri kwa fedha, mwanamume kiasi hiki, mwanamke kiasi hiki, mtoto kiasi hiki. Halafu unakuja mstari huo: ikiwa mtu ni maskini kuliko hesabu hiyo, asimamishwe mbele ya kuhani, naye kuhani amhesabie upya kwa kadiri ya uwezo wake aliyeweka nadhiri. Kwa hiyo kuipitia upya ahadi hakukuletwa na wazungu wala na Wakristo vuguvugu. Kumo ndani ya Torati, na ni kazi ya kuhani kuifanya, kwa utaratibu na bila kumwaibisha mtu. Sadaka ya dhambi nayo ilikuwa hivyo katika sura ya 5: asiyeweza kondoo alete hua wawili, asiyeweza hua alete unga. Paulo anawaandikia Wakorintho neno lilelile katika waraka wa pili, 8:12, kwamba nia ikiwapo mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Wewe utasimama mbele ya nani? Mbele ya mchungaji wako na mtunza hazina, ofisini, siku ya kazi, si kwenye korido baada ya ibada watu wakiwa wamewazunguka. Nenda na kadi yako ya ahadi. Sema hivi, au kwa maneno yako yanayofanana na haya: “Niliahidi 1,500,000, nimelipa 400,000. Nina madeni ya watu, nimeanza kuyalipa. Naomba ahadi yangu isogezwe, nitaleta 50,000 kila mwezi, na duka likikaa sawa nitaongeza.” Kama unaona hata hilo ni zito, omba kiasi chenyewe kipunguzwe. Waandike, utie sahihi. Mchungaji mwenye busara atakushukuru, kwa sababu kamati inayojua kwamba hela itachelewa hupanga. Inayosubiri kimya chako hukopa mbao kwa tumaini hewa.

Hapa nikiri na langu. Maikrofoni ya harambee nimeishika mwenyewe. Najua jinsi mshereheshaji anavyofanya: kwaya inapiga pambio, anaitwa mzee wa kanisa wa kwanza, anataja laki tano, watu wanapiga vigelegele, wa pili anaona aibu kutaja laki mbili. Mithali 20:25 inaita jambo hilo mtego, mtu kusema kwa haraka kwamba kitu ni wakfu, kisha kuanza kufikiri baadaye. Mtego huo tuliutega sisi watumishi. Nilikuwa nikiona uso wa mtu ukibadilika alipotaja kiasi, na nikaendelea na msaada wa kwaya. Ungeniuliza zamani, ningekuambia ni uvuvio. Siku hizi ningemwomba kila mtu aende na kadi nyumbani, akae nayo wiki moja na mwenzake, airudishe imejazwa. Hela hupungua kwenye karatasi, lakini hufika.

Wewe ni Mlutheri, basi nikukumbushe ugomvi uliotupa jina. Tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg, Ujerumani. Tunafundisha watoto wa kipaimara kwamba alipinga vyeti vya rehema, yaani vyeti vilivyouzwa kwa ahadi ya kusamehewa adhabu ya dhambi, na wanaishia hapo. Vyeti vile viliuzwa ili kujenga kanisa: fedha ilikuwa ya Basilika la Mtakatifu Petro, Roma. (Nusu yake, watu wa chini bila kujua, ilikwenda kulipa deni ambalo Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz alikuwa amelikopa kwa benki ya Fugger ili apate cheo chake. Mambo ya fedha za kanisa ni ya kale.) Katika hoja ya 46 Luther anasema Wakristo wafundishwe kwamba asiye na ziada anapaswa kubakiza mahitaji ya nyumba yake, asiyatapanye kununulia vyeti. Katika hoja ya 50 anasema Papa, lau angejua jinsi wahubiri wale walivyokamua watu, angependa zaidi basilika lile liwe majivu kuliko kujengwa kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake. Kanisa lenu la bati si basilika, na mwinjilisti wenu hauzi vyeti. Lakini mzizi wa Ulutheri unagusa swali lako moja kwa moja: jengo la ibada lisisimame juu ya njaa ya mtu wa nyumbani mwako.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapomwelekeza mtu namna ya kuungama, hamwambii aanze na mambo ya rohoni yasiyoshikika. Anamwambia aangalie nafasi yake kwa kipimo cha Amri Kumi: wewe ni baba, mama, mwana, bwana, bibi wa nyumba, mtumishi? Umemkosea mtu kwa neno au kwa tendo? Umeiba, umezembea, umeharibu? Kwa mafundisho hayo, “Usiibe” inaanzia jikoni mwako kabla haijafika kwa kibaka wa stendi.

Na kama unadhani hayo ni ya Ulaya, waulize wazee wa Kagera. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, ukavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940, ukaingia hata kwa Walutheri wa Bukoba. Ndugu wale waliotembea nuruni walijulikana kwa kuimba na kushuhudia, lakini pia kwa jambo lililowashangaza wasioamini: walirudisha vitu. Mtu aliokoka usiku, asubuhi akabisha hodi kwa aliyemwibia, amebeba alichokichukua au fedha yake. Toba ilikuwa na miguu. Siku hizi tumebaki na nyimbo zao zaidi ya desturi hiyo, nami naona tumepoteza nusu nzito.

Turudi kwa baba watoto. Hoja yake inasikika ya kawaida, na simwiti mtu mbaya. Ila chakula na kitanda vilikuwa sehemu ya makubaliano mlipomleta dada. 80,000 mliitaja mkijua atakula na kulala kwenu. Huwezi kulipa kwa kitu kilekile mara mbili. Halafu hizo 80,000 hazikai kwenye kitanda chake. Zinakwenda kwao, ndiyo maana mama yake anapiga simu. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani: naye ni mwajiriwa, mshahara wake hulipwa siku mliyokubaliana, na mgogoro ukizidi kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Naitaja sheria kwa kifupi tu, maana sidhani utafika huko, lakini mwambie mumeo kwamba “atasubiri” si neno la sheria wala la Biblia.

Usimlipe dada huku umesimama mlangoni na pochi. Mkalishe. Mhesabie miezi yote mitatu mkononi, au kama anataka zitumwe kwao kwa simu, ongeza na ya kutolea. Usimwambie, “Haya, Mungu amejalia, chukua,” kana kwamba ni zawadi. Mwambie, “Nilikukosea, hii ni haki yako.” Najua neno hilo ni gumu kumwambia msichana ambaye jana ulimfokea kwa sababu ya maharage yaliyoungua. Usimpe nguo kuukuu badala ya mwezi mmoja, wala usikate bei ya glasi zilizovunjika. Ile sehemu ya tano ya Walawi sikulazimishi nayo, lakini ukipata kitenge kizuri dukani kwako, kisichokuwa kilichokataliwa na wateja, mpe juu ya hesabu. Nunua daftari, muandike tarehe na kiasi, wote wawili mtie sahihi. Likusaidie wewe pia, kwa sababu deni la miezi mitatu huanza na mwezi mmoja ambao haukuandikwa.

Tajiri wa mali kauli ni kesi nyingine kidogo. Yeye ana mtaji, na biashara ya mali kauli imejengwa juu ya kauli, kama jina lenyewe linavyosema: unachukua mzigo kwa neno lako, ukiuza unapeleka hela. Ulipouza mashuka yake ukatumia fedha kwingine, ulitumia yake. Lakini akiona karibu nusu ya deni imekuja yenyewe bila kufuatwa, na tarehe ya iliyobaki ikatajwa, wengi wao hukubali, hata kukupa mzigo mwingine. Anayezima simu ndiye anayeharibu jina, na jina la mzee wa kanisa sokoni ni mahubiri yanayosikilizwa na watu ambao hawatakanyaga kanisani kwenu kamwe.

Kwa 700,000 yako, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Dada 240,000. Tajiri 300,000, zibaki 350,000 za kulipa kwa tarehe mtakayokubaliana. 80,000 ziwekwe pembeni leo kwa mshahara wa mwezi huu, zisije zikawa deni la nne. Hapo zimebaki 80,000. Hamsini zipeleke ofisini siku utakapokwenda kuzungumza kuhusu ahadi, ili maneno yako yawe na ushahidi, na 30,000 ni za nyumbani. Utauliza, na fungu la kumi la hiyo 700,000? Hela ya kikoba sehemu kubwa ni akiba yako mwenyewe inayokurudia, uliyoweka wiki kwa wiki. Kinachoitwa pato ni faida iliyoongezeka juu yake, na hiyo ndiyo ungeitolea zaka, kama ambavyo dukani hutoi zaka ya mauzo yote ukiwa bado hujatoa bei ya mzigo. Wapo wachungaji watakaonibishia hapa. Nimewahi kuona mfanyabiashara akitoa zaka ya mauzo kwa uaminifu mkubwa hadi akafunga duka, na hakuna aliyemwuliza anapigaje hesabu.

Mathayo 5:23 na 5:24 huwa tunaisoma kabla ya Chakula cha Bwana: ukileta sadaka yako madhabahuni, hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane naye, kisha urudi uitoe. Angalia maneno yalivyo. Hasemi wewe una neno juu ya ndugu. Ni ndugu aliye na neno juu yako, hata akinyamaza. Na sadaka haifutwi. Inakusubiri pale ulipoiacha hadi urudi.

Kuhusu majina yatakayosomwa mbele ya Askofu, lako huenda lisiwepo. Itakuchoma, hasa ukikaa benchi la wazee wa kanisa na mwenzako wa jirani akiitwa. Usimpigie mtunza hazina usiku ukiomba akuingize kwa ahadi ya kumalizia baadaye. Na kwa kuwa wewe uko kwenye baraza, una mdomo ambao washarika wengi hawana: kikao kijacho pendekeza majina yasisomwe kabisa, usomwe mchango wa kila mtaa kwa jumla. Ukilisema sasa, wakati jina lako halimo, watu watasema unajitetea. Lisemee hata hivyo, na uwaambie ukweli kwamba ndivyo ilivyo.

Jambo la mwisho uliligusa bila kuliuliza. Umeandika mengi kuhusu Jumapili na hukutaja hata mara moja dada anasali wapi. Nyumba nyingi za Kikristo ninazozijua, dada hubaki na wali wa wageni wa baada ya ibada. Kama usharika wenu una ibada mbili, yeye aende ya asubuhi, wewe na watoto mwende ya pili. Akisema yeye si wa dhehebu lenu, mpe nauli aende akasali kwao. Chakula kitachelewa kama saa moja hivi. Wageni mpe baba watoto awapigishe soga.